Kupanga Maandishi ya Mtandaoni Yasomeke kwa Urahisi: Mwongozo Kamili kwa Anayeandika Kiswahili

Ukipita Posta, jijini Dar es Salaam, asubuhi utawakuta watu wamesimama mbele ya kibanda cha magazeti, mikono nyuma, wakisoma kurasa za mbele bila kununua chochote. Macho yao huanzia kwenye kichwa kikubwa cha habari, hushuka kwenye maneno madogo yaliyo chini yake, kisha huhamia gazeti la pembeni, na ndani ya dakika moja kila mmoja ameshaamua kama atatoa fedha mfukoni au atakwenda zake kazini. Msomaji wa mtandaoni hufanya vivyo hivyo kwa kidole gumba, ila yeye hana hata haja ya kumwonea haya muuza magazeti.

Mwaka 2006 mtafiti Jakob Nielsen na wenzake wa Marekani, baada ya kufuatilia mwendo wa macho ya watu waliokuwa wakisoma kurasa za tovuti, walieleza kwamba macho hayo mara nyingi huchora umbo la herufi F: husoma mistari ya juu kwa upana, hushuka na kusoma sehemu fupi zaidi, kisha huteremka upande wa kushoto yakigusa mwanzo tu wa mistari iliyobaki. Jambo ambalo wanaolinukuu umbo hilo husahau kulitaja ni kwamba hujitokeza zaidi pale ukurasa unapokuwa gogo moja la maneno lisilo na vichwa vidogo wala nafasi. Kupanga maandishi, kwa maana ya mwongozo huu, ni kuamua mapema jicho la msomaji lisimame wapi, badala ya kuliacha lijitafutie.

Mifano nitakayoitumia ni ya aina ya maandishi ambayo wengi wetu jijini tunayaandika kila wiki bila kujiita waandishi: tangazo la kikundi cha kuweka na kukopa. Anayeandika makala ndefu kwenye tovuti atakuta kanuni ni zilezile.

Kwanza amua msomaji afanye nini

Kabla ya kugusa fonti au rangi yoyote, andika pembeni sentensi moja inayosema msomaji atafanya nini au atajua nini akimaliza kusoma. Sentensi hiyo ndiyo itakayokwenda juu kabisa. Huu hapa ni mfano wa tangazo lililoandikwa bila kupitia hatua hiyo:

Uongozi wa kikundi unapenda kuwatangazia wanachama wote kuwa kutakuwa na kikao siku ya Jumamosi tarehe 14/3 kuanzia 8:00 pale pale pa siku zote na mnaombwa kuja na vitabu vya hisa na marejesho ya mwezi uliopita na wale wote ambao hawajalipa mfuko wa jamii 2000 wanakumbushwa kulipa kabla ya kikao kwani baada ya hapo kutakuwa na faini pia mweka hazina atasoma taarifa ya mwaka WOTE MNAKARIBISHWA MUDA UZINGATIWE.

Maneno saba ya mwanzo hayana habari yoyote. Kiswahili cha matangazo kina hazina kubwa ya mianzo ya namna hii: "napenda kuchukua fursa hii", "ikumbukwe kuwa", "kama ilivyo ada". Katika hotuba mianzo hiyo ina kazi yake, kwa kuwa huwapa watu muda wa kukaa na kunyamaza. Kwenye simu hula nafasi ya thamani kuliko zote, yaani mstari wa kwanza, ambao mara nyingi ndio pekee unaoonekana kwenye arifa kabla ya mtu kufungua ujumbe. Heshima haipungui ukiihamishia salamu kwenye mstari mfupi peke yake, au mwishoni.

Tangazo lilelile, likipangwa, linaweza kuwa hivi:

Kikao cha kikundi: Jumamosi 14 Machi, saa 8 mchana

Mahali ni Mbagala Rangi Tatu, nyumbani kwa mwenyekiti. Mweka hazina atasoma taarifa ya mwaka.

Njoo na:
- kitabu chako cha hisa
- marejesho ya mwezi wa Februari

Mfuko wa jamii ni Sh 2,000, ulipwe kabla ya kikao. Atakayechelewa atatozwa faini.

Hakuna kilichoongezwa isipokuwa mahali, ambapo mwandishi wa kwanza alipaficha ndani ya "pale pale pa siku zote" akisahau kwamba mwanachama aliyejiunga mwezi uliopita hana siku zote.

Saa, tarehe na fedha zisiachwe uchi

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine haiwezi kutusaidia. Saa zetu huhesabiwa tangu kukucha na tangu kuchwa, lakini simu iliyomo mkononi mwa msomaji huhesabu kuanzia usiku wa manane. Tarakimu "8:00" zikisimama peke yake zinaweza kuwa saa nane mchana kwa anayesoma Kiswahili, au saa mbili asubuhi kwa anayelinganisha na kioo cha simu yake. Niliwahi kuandika tangazo kwa mtindo huo, na watu watano walifika asubuhi, wakakaa kwenye mkeka kwa saa sita wakinisubiri mimi niliyekuwa bado nafua nguo nyumbani Sinza. Tangu siku hiyo sijaandika saa bila kuitanguliza kwa neno "saa" na kuifuatisha na sehemu ya siku: saa 2 asubuhi, saa 8 mchana, saa 10:30 alasiri, saa 1 jioni.

Usiku una mtego wake. Kwa desturi ya zamani ya Waswahili siku mpya huanza jua linapokuchwa, na ndiyo maana wapo wazee ambao ukiwaambia "usiku wa Jumapili" wataelewa usiku uliofuata mchana wa Jumamosi. Andika "Jumamosi saa 3 usiku, kuamkia Jumapili", nawe utakuwa umewaridhisha wote.

Tarehe iandikwe kwa jina la mwezi, kwa kuwa 5/6 inaweza kusomwa kwa namna mbili na mtu aliyezoea programu za Kimarekani. Fedha ziandikwe kwa mtindo mmoja kuanzia juu hadi chini: kama umechagua Sh 2,000, usichanganye na 2,000/= wala "buku mbili" ndani ya tangazo hilohilo, na usisahau mkato wa maelfu, kwa maana tofauti ya 200000 na 2000000 haionekani kwa jicho linalokimbia. Namba ya simu yenye tarakimu 10 igawanywe katika makundi ya nne, tatu na tatu.

Aya fupi, lakini si vipande

Wachapaji wa vitabu hupendekeza mstari wenye herufi kati ya 45 na 75. Simu iliyoshikwa wima hubeba kama 40 hivi. Sasa tazama lugha yetu: neno moja kama "watakapowalipisha" lina herufi 17, nalo limebeba wazo zima. Mstari wa simu kwa Kiswahili hubeba wastani wa maneno sita, kwa hiyo aya ya maneno 100, ambayo kwenye kitabu huonekana fupi, itajaza kama mistari 17, ambayo kwenye simu ndogo ni kioo kizima. Msomaji aliyesimama ndani ya basi la mwendokasi la Kimara, mkono mmoja ameshika bomba, akiona kioo chote kimejaa maneno bila mwanya, hushusha kidole.

Kwa hiyo lenga aya za maneno 40 hadi 70, yaani sentensi mbili hadi nne, na kila aya ibebe jambo moja. Sentensi ya kwanza ya aya iseme jambo lenyewe, na zinazofuata zilieleze. Ukitumia programu ya kuandikia, acha mstari mtupu kati ya aya na aya. Kujongeza mstari wa kwanza ndani, kama vitabu vifanyavyo, hakuonekani vizuri kwenye kioo chembamba.

Umezuka mtindo wa kuweka kila sentensi kwenye mstari wake. Mimi siupendi. Sentensi zote zikisimama peke yake, zote hupaza sauti kwa kiwango kimoja, msomaji hajui ipi inaongoza na ipi inafuata, na maandishi husikika kama mtu mwenye kwikwi. Sentensi moja kusimama peke yake ni jambo la kufanywa mara moja katika ukurasa, pale inapostahili.

Pambizo ya kulia iache ilivyo. Kitufe cha kunyoosha pambizo zote mbili huifanya kompyuta itawanye maneno ili kila mstari ulingane, na kwa kuwa maneno yetu ni marefu na mstari ni mfupi, matokeo yake ni mashimo meupe katikati ya sentensi. Kama unamiliki tovuti, mwombe fundi aandike lang="sw" kwenye ukurasa, kwa kuwa hiyo ndiyo alama inayoitambulisha lugha kuwa Kiswahili. Ukurasa ukitambulishwa kuwa wa Kiingereza, kivinjari kinaweza kukata maneno kwa kanuni za lugha hiyo, kikatenga "nyum-ba" au "ng'om-be", ilhali silabi zetu kwa kawaida huishia kwenye irabu na mkato sahihi ni "nyu-mba" na "ng'o-mbe". Zaidi ya hayo, programu zinazowasomea wasioona hutegemea alama hiyohiyo kujua zitamke kwa lugha gani.

Vichwa vidogo vianze na neno zito

Kwa kuwa jicho huteremka upande wa kushoto, neno la kwanza la kichwa kidogo ndilo linalofanya kazi. "Maelezo kuhusu utaratibu wa kuomba mkopo" huanza na maneno matatu matupu. "Mkopo: nani anastahili na aombe vipi" huanza na kile anachokitafuta msomaji. Fanya jaribio hili: soma vichwa vidogo peke yake, kimoja baada ya kingine, uone kama vinasimulia habari yote kwa ufupi. Visipofanya hivyo, tatizo si vichwa, huenda mpangilio wa hoja zako wenyewe haujakaa sawa.

Kwenye tovuti usitengeneze kichwa kwa kukoleza wino tu. Programu za kuandikia zina menyu ya ngazi za vichwa, na lugha ya kurasa za tovuti inatambua ngazi sita. Ngazi ya kwanza ni ya jina la makala, ya pili ni ya sehemu zake, ya tatu ni ya vijisehemu. Ni nadra kuhitaji zaidi ya hapo. Asiyeona hutumia programu inayomrusha kutoka kichwa hadi kichwa, nayo haikitambui kichwa ambacho ni herufi nene tu.

Orodha zina adabu yake

Orodha inafaa kwa vitu vya kuleta, kwa hatua za kufuata na kwa majina. Namba zitumike pale tu mfuatano unapokuwa na maana; kama mtu anaweza kuanza na kitu cha tatu bila kuharibu, weka vistari. Kwenye WhatsApp, tangu mwaka 2024, ukianza mstari kwa kistari na nafasi, au kwa namba, nukta na nafasi, programu yenyewe huupanga kuwa orodha.

Makosa ninayoyasahihisha mara nyingi zaidi ni ya sarufi. Mtu huanza hatua ya kwanza kwa "Kujaza fomu", ya pili kwa "Lipa ada", ya tatu kwa "Risiti iwasilishwe", na ya nne kwa "Mtasubiri majibu". Kila mstari una msemaji wake. Chagua umbo moja la kitenzi ulifuate hadi mwisho. Kwa kuwa anayesoma ni mtu mmoja na simu yake, napendelea "jaza, lipa, wasilisha, subiri". Ukiona ni ukali mno kwa wakubwa zako, tumia "ujaze, ulipe, uwasilishe" au uanze orodha yote kwa "Tafadhali". Kile kisichofaa ni kuchanganya.

Usiigeuze hoja kuwa orodha. "Kwa sababu", "ingawa" na "hata hivyo" ni maneno yanayofunga wazo moja kwenye jingine, na vistari huyakata yote kama kamba za hema.

Mkazo uwe haba

Herufi nene ni za kitu ambacho msomaji akikikosa ataumia: saa, kiasi cha fedha, siku ya mwisho. Kwenye WhatsApp hupatikana kwa kuweka nyota kila upande wa maneno, *hivi*, bila kuacha nafasi kati ya nyota na herufi. Ukiacha nafasi, nyota hubaki nyota. Mara moja kwa aya inatosha.

Herufi kubwa tupu zina dosari ya pekee katika lugha yetu, kwa kuwa viambishi hujirudia: WANACHAMA WOTE WANAOMBWA WAWASILI WAKIWA WAMEJIANDAA ni ukuta wa W na A ambao jicho haliwezi kupata pa kushika. Mstari wa chini uachie viungo, kwa sababu watu wamezoea kubonyeza kilichopigiwa mstari. Italiki, yaani herufi za mlazo, itumie kwa majina ya vitabu na maneno ya lugha nyingine, si kwa aya nzima.

Kuhusu ritifaa, yaani ile alama iliyo kwenye ng', usiiruke kwa kuona ni kidoti tu. Kung'oa ni kutoa mzizi ardhini, na ngoa ni wivu au tamaa. Andika ng'ombe na ng'ambo kwa alama moja ileile katika makala yote, maana baadhi ya programu za kutafuta huziona alama iliyonyooka na iliyopinda kuwa vitu viwili tofauti.

Rangi na ukubwa wa herufi

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa vipimo viko wazi. Shirika la W3C, linalotunga viwango vya kurasa za tovuti, katika mwongozo wake wa ufikivu, yaani wa kuwawezesha hata wenye ulemavu kuzitumia kurasa hizo, linataka uwiano wa mwanga kati ya herufi za kawaida na usuli wake, yaani rangi iliyo nyuma yake, usipungue 4.5 kwa 1. Juu ya nyeupe, kijivu chenye msimbo #767676 kinapita kwa tabu. Chochote kilichofifia zaidi ya hapo kinashindwa. Anayetaka kuelewa maana yake asome herufi za kijivu hafifu saa sita mchana akisubiri pantoni Kivukoni. Ukubwa wa pikseli 16 kwa maandishi ya kawaida na nafasi ya mara 1.5 kati ya mistari huwafaa wengi.

Picha, viungo na majedwali

Dar es Salaam tunapenda mabango: picha yenye maua pembeni, fonti nne, na tangazo lote likiwa ndani ya picha. Lipendeze, sawa, lakini maneno yaliyo ndani ya picha hayatafutiki wala namba yake ya simu hainakiliki kwa urahisi, hayasomwi vizuri na programu ya asiyeona, na aliyezima upakuaji ili kulinda bando haoni chochote. Tuma bango ukipenda, ila yale maneno muhimu yaandike tena chini yake.

Kiungo kielezwe kabla ya kubonyezwa. "Bonyeza hapa" haimwambii mtu kitu. "Fomu ya mkopo, PDF ya MB 3" humwambia anapata nini na itamgharimu kiasi gani cha bando. Pale ambapo anwani ndefu haiwezi kufichwa, iweke kwenye mstari wake mwishoni, isije ikakata sentensi katikati.

Jedwali lenye safu wima zaidi ya tatu halisomeki kwenye simu. Ligeuze: kwa kila mwanachama au bidhaa weka kichwa kidogo, na chini yake mistari ya "Hisa: 12", "Deni: Sh 40,000". Kujipangia safu kwa kubonyeza nafasi nyingi kwenye ujumbe ni kazi bure, kwa kuwa simu ya mwenzako ina upana tofauti na yako.

Ukaguzi kabla ya kutuma

Jitumie mwenyewe kwanza. Fungua kwenye simu ndogo kuliko zote iliyopo nyumbani, punguza mwanga wa kioo, toka nje uani, kisha shusha kidole haraka ukisoma vichwa, herufi nene na mwanzo wa kila aya tu. Ikiwa umepata habari kamili, mpangilio umekaa.

Kisha soma kwa sauti. Pale pumzi inapokata kabla ya nukta, sentensi ni ndefu kuliko jambo lake. Ivunje, isipokuwa kama urefu huo unabeba hoja isiyoweza kutenganishwa. Mwisho mpe mtu asiyejua lolote kuhusu jambo hilo, mfano jirani au mdogo wako, asome mara moja, uchukue simu, umuulize: lini, wapi, na niende na nini? Swali atakaloshindwa ndilo la kurudia kupanga.

Kosa likigundulika baada ya kutuma, WhatsApp hukuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15. Zikipita, usitume mstari wa "samahani ni saa 9" ukielea peke yake chini ya majibu arobaini ya "sawa mwenyekiti". Futa la zamani, tuma tangazo zima upya, na mstari wake wa kwanza useme kilichobadilika: "Rekebisho la 12 Machi: kikao sasa ni saa 9 alasiri." Kwenye tovuti, maelezo hayohayo yakae juu ya makala na tarehe yake, ili anayeifungua baada ya mwezi ajue anasoma toleo lipi.